Namna ya Kulisoma Vazi la Kale la Mabaharia wa Kiholanzi: Mwongozo Kamili, Kutoka Nguo ya Kazi hadi Vazi la Pambo

Anayeliona vazi la Volendam, kijiji cha wavuvi cha Uholanzi, kwa mara ya kwanza, iwe pichani au ndani ya kabati la makumbusho, macho yake hukimbilia vifungo vya fedha vilivyo vipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, mkufu wa marijani nyekundu na kofia nyeupe yenye ncha, kisha huondoka akidhani kwamba vazi hilo lilibuniwa kwa ajili ya sherehe. Karibu kila kinachong'aa pale kilianza kikiwa na kazi ya kufanya, ama juu ya sitaha yenye maji, ama ndani ya nyumba ambayo mwenyewe hakuwamo kwa miezi mingi. Kifungo kilishika suruali iliyolowa, leso ilizuia ukosi wenye chumvi usichubue shingo, na milia ya kofia ilimtofautisha mtu na mwenzake katikati ya barafu.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa ushonaji, mtengenezaji wa mavazi ya jukwaani, mfanyakazi wa makumbusho, na pia msomaji anayeishi Uholanzi ambaye hukutana na nguo hizi kwenye magulio ya vitu vya zamani na kujiuliza kama bei anayotajiwa ni ya haki. Kanuni ninayoifuata toka mwanzo hadi mwisho ni moja: pambo lilikaa palepale palipokuwa na kazi. Ukijua nguo iliumia wapi baharini, utajua urembo uliota wapi.

Matayarisho

Tandika meza kwa shuka jeupe la pamba lililofuliwa bila wanga. Weka karibu lenzi inayokuza mara 10, utepe wa kupimia, penseli laini, kurunzi ndogo na sumaku. Kalamu ya wino isifike mezani. Nawa mikono na uikaushe. Kwa vifungo vya fedha vaa glavu za mpira, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama inayokula madini. Usiijaribu nguo mwilini hata kama inakutosha, usiipige pasi, na usiifue. Chumvi, lami na jasho lililokauka ndani yake ni ushahidi, na ushahidi uliofuliwa haurudi.

Hatua ya kwanza: zitenge zama tatu

Zama za kwanza ni za mabaharia wa merikebu za karne ya 17 na 18, wakiwemo wale wa Kampuni ya India Mashariki, VOC, iliyoundwa mwaka 1602 na kufikia mwisho wake mwaka 1799. Hawa hawakuwa na sare. Kila mtu alipanda merikebuni na kasha lake, na alipofariki safarini nguo zake zilinadiwa mbele ya mlingoti, wenzake wakazinunua na fedha ikaandikwa kwa ajili ya warithi. Koti moja liliweza kupita miili mitatu kabla halijawa kitambaa cha kufutia lami. Ndiyo maana nguo halisi za zama hizo ni chache mno, na nyingi kati ya zilizosalia zimetoka penye baridi. Kundi la baharia Mholanzi Willem Barentsz lilikaa Nova Zembla, visiwa vya barafu kaskazini mwa Urusi, majira yote ya baridi ya 1596 na 1597. Nyumba yao ilipogunduliwa mwaka 1871 ndani yake kulikuwa bado na vitu vyao, ambavyo sasa viko Rijksmuseum, makumbusho ya taifa mjini Amsterdam. Walionusurika, watu 12 kati ya 17, waliingia Amsterdam Novemba 1597 wakiwa bado wamevaa kofia za manyoya ya mbweha mweupe walizojitengenezea kule.

Rijksmuseum hiyohiyo ina kofia za sufu ambazo, kwa maoni yangu, zinafundisha zaidi kuliko koti lolote la nahodha. Mwaka 1980 wanaakiolojia walichunguza makaburi ya Waholanzi 185 huko Spitsbergen, kisiwa cha barafu kaskazini mwa Norwei, wawindaji wa nyangumi na wachemshaji wa mafuta yake waliofia huko katika karne ya 17. Mifupa mingi ilikuwa bado imevaa kofia iliyofumwa kwa sindano, na kila kofia ilikuwa na milia na rangi zake. Watu wale walijifunika gubigubi hata yakabaki macho tu, hivyo kofia ndiyo iliyomtambulisha mtu kwa wenzake, na bila shaka ndiyo sababu alizikwa nayo. Hapa unaliona pambo likizaliwa: mlia mwekundu juu ya kahawia haukuwekwa uvutie, uliwekwa ili mtu aitwe kwa jina lake.

Zama za pili ni za wavuvi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, hasa kandokando ya Zuiderzee, ghuba kubwa iliyoingia hadi katikati ya nchi: Volendam, Marken, Urk, Spakenburg, pamoja na vijiji vya pwani ya nje kama Scheveningen na visiwa vya Zeeland. Nguo nyingi utakazozishika ni za zama hizi. Zama za tatu ni za vazi la maonyesho, zilizoanza pale wachoraji na watalii walipoanza kumiminika Volendam, ambako Hotel Spaander ilifunguliwa mwaka 1881. Zuiderzee ilipofungwa kwa ukuta wa Afsluitdijk tarehe 28 Mei 1932, maji yake yakageuka kuwa matamu na uvuvi wa zamani ukafifia, lakini vazi la mvuvi likabaki. Marken, iliyokuwa kisiwa, iliunganishwa na bara mwaka 1957.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha koti la baharia wa VOC juu ya meza ya gulio, tabasamu, umrudishie.

Hatua ya pili: kisome kitambaa

Anza na sufu. Koti la baharia lilikatwa kutoka sufu nzito na ngumu iliyoitwa pij, na koti lenyewe likaitwa pijjekker. Makoti mafupi mazito ya buluu yanayovaliwa hata leo katika majeshi ya majini ya nchi nyingi ni uzao wake. Ipitishe kurunzi kwa ubavu juu ya kitambaa. Sufu ya kazi huonyesha manyoya yaliyolala na kushikamana kwa kupondwa, hata nyuzi za chini hazionekani, na upepo haupenyi. Sufu ya Jumapili ni laini, mara nyingi laken nyeusi, aina ya kitambaa kilichoupatia mji wa Leiden jina, na uso wake hung'aa kidogo ukiuinamisha.

Shati la ndani lilikuwa la kitani au pamba, mara nyingi la miraba au milia ya buluu. Buluu ya nili hufifia kwenye mikunjo na kingo ikaacha weupe, kama tunavyoona kwenye suruali za jinzi zilizochakaa. Ili uijue rangi ya asili fungua kidogo pindo la ndani, mahali ambapo jua halikufika. Rangi zenyewe hukusaidia kukadiria umri: zambarau kali na waridi linalopiga kelele haviwezi kutangulia mwaka 1856, ilipopatikana mjini London rangi ya kwanza ya kikemia, wekundu wa kikemia uliochukua nafasi ya mizizi ya madder, mmea wa rangi nyekundu, ulifuata mwaka 1869, na nili ya kiwandani iliingia sokoni mwaka 1897.

Ukikutana na nguo ya kazi yenye rangi ya kahawia iliyoiva, inayonuka kidogo kama ngozi, usiidhanie uchafu. Wavuvi walichemsha matanga, nyavu na hata nguo za kazi katika maji ya magome ya mwaloni, na baadaye katika katu, katu ileile ambayo kwetu hutafunwa pamoja na tambuu, ili kitambaa kisioze. Fundi wa nyavu wa Lamu au Pemba anayejua magome ya mkandaa hahitaji kuelezwa zaidi. Nguo nyingine zilipakwa mafuta ya mbegu za kitani zikawa ngumu na za manjano. Hizi usizikunje kamwe, kwani kwenye kunjo zitapasuka kama karatasi kavu.

Hatua ya tatu: mkato na mshono

Ilaze suruali chali. Suruali ya baharia wa karne ya 17 ilikuwa pana mno na fupi, na ile ya mvuvi wa Volendam au Marken iliurithi upana huo. Upana uliruhusu mtu kupanda kamba za mlingoti, kupiga magoti sitahani na kuikunja suruali juu ya magoti bila kuivua. Vipande vyake karibu vyote vimenyooka, kwa hiyo kitambaa hakipotei, jambo ambalo mshona kanzu wa pwani analielewa kwa sababu badani na taharizi zake hufuata hesabu hiyohiyo. Mbele hakuna mpasuo wa kawaida: kuna kifuniko kipana kinachoshuka, kilichofungwa juu kwa vifungo viwili. Kumbuka vifungo hivyo viwili, tutavirudia.

Koti ni fupi, linaishia kiunoni, kwa kuwa koti refu hunaswa na kamba. Mashati ya zamani yana kikwapa, kipande cha mraba chini ya mkono ili mtu anyanyue mikono bila shati kuchomoka wala kuchanika. Kikwapa kilichoongezwa viraka mara mbili au tatu ni dalili nzuri kuliko cheti chochote cha muuzaji.

Sasa geuza nguo ndani nje. Mshono wa mkono hauko sawasawa: hatua moja ndefu, nyingine fupi, na uzi ni wa kitani. Mshono wa cherehani ni sawa kabisa na una nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Ukiuona, nguo haikushonwa kabla ya katikati ya karne ya 19. Niliwahi kuonyeshwa kizibao chekundu chenye milia ambacho mwenye meza aliapa kuwa ni cha miaka ya 1780. Kwa nje kilikuwa kizuri, hata vumbi lake lilionekana la kale. Nilipogeuza tundu la mkono nilikuta ovaloki ya nyuzi tatu, na uzi wenyewe, ulipopigwa na mwanga wa kurunzi, ulimeta kama mshipi wa kuvulia. Kilikuwa kimeshonwa kwa ajili ya ngoma za jukwaani, na kwa kazi hiyo kilikuwa kizuri. Tatizo lilikuwa tarehe na bei.

Hatua ya nne: vifungo, palipo na kisa kizima

Hapa usiwe na haraka. Vifungo vya mabaharia wa mwanzo vilikuwa vya mbao, mfupa, pembe, risasi nyeupe au shaba, na vingine vilizungushiwa uzi tu. Kitu kilichoshika suruali nzito iliyonyonya maji kilipaswa kuwa kikubwa na imara, na kwa kuwa kilikaa mbele kabisa, katikati ya mwili, ndicho kilichoonekana kwanza mtu aliposhuka bandarini. Kadiri mvuvi alivyopata, ndivyo kifungo kilivyohama kutoka shaba kwenda fedha, kikazidi upana, kikachorwa merikebu au kuzungushiwa nakshi. Waholanzi huviita broekstukken, vipande vya suruali, na vingine vilitengenezwa kwa sarafu za fedha zilizowekewa vishikizo nyuma. Zeeland ilikuza aina yake, kifungo cha mviringo kilichojengwa kwa vitone na nyuzi nyembamba za fedha zilizosokotwa, ambacho leo huuzwa kila mahali kama hereni na kidani.

Katika kila bandari utasimuliwa kwamba fedha ile ilikuwa ya kulipia maziko ikiwa maji yangemtupa mwenyewe kwenye ufuo wa ugenini. Ni kisa kizuri, nami hukisikiliza kwa heshima, ila maelezo mepesi zaidi yananitosha: mtu asiye na benki huvaa akiba yake. Wanawake wetu wenye vikuku na mikufu walilijua hilo bila kufundishwa.

Kichunguze kifungo hivi. Kiguse kwa sumaku. Kikivutwa, ndani kuna chuma na juu ni rangi tu. Kigeuze utafute mihuri: tangu mwaka 1814 vitu vidogo vya fedha vya Uholanzi hupigwa muhuri mdogo wenye umbo la upanga, na unahitaji lenzi kuuona. Kisha tazama kishikizo. Kama kifungo kilivaliwa kweli, pete ya nyuma itakuwa imelika upande mmoja, na tundu la kifungo kwenye suruali litakuwa limevutika kuelekea upande huohuo. Kishikizo kipya kwenye suruali kuukuu, au kinyume chake, kinaonyesha kwamba viwili hivyo vilikutanishwa dukani. Si kosa kuvinunua, mradi ulipe kama vitu viwili vilivyokutana juzi.

Hatua ya tano: sweta za wavuvi

Sweta za sufu ya buluu iliyokolea zilienea miongoni mwa wavuvi wa Kiholanzi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tafuta mambo matatu. Ufumaji umebana sana, kiasi kwamba sweta karibu husimama lenyewe. Mikono huishia juu ya kifundo, kwa sababu ukingo uliolowa maji ya chumvi hukata ngozi. Nakshi hukaa kifuani, ambako tabaka nene la kufumwa liliongeza joto: mifupa ya samaki, ngazi, kamba iliyosokotwa, bendera, umeme wa radi, na almasi yenye kitone katikati inayoitwa jicho la Mungu.

Utaambiwa kwamba kila kijiji kilikuwa na nakshi yake ili maiti ya aliyezama itambuliwe. Vijiji vilikuwa na mapendeleo yake, ni kweli, lakini wavuvi wa heringi walikutana bandarini, wake na mabinti wakatazamana mikono, na nakshi ikasafiri. Usikitaje kijiji kwa nakshi peke yake; tafuta picha ya zamani au maelezo ya familia.

Hatua ya sita: pambo linapohamia kwa wanawake

Mwanaume alirudi na kitambaa, mwanamke akakifanya vazi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Hindeloopen, mji mdogo wa Friesland ambao manahodha wake walisafiri hasa Norwei na bahari ya Baltiki kwa ajili ya wafanyabiashara wa Amsterdam. Amsterdam ndiko VOC ilikouzia vitambaa vya pamba vya Kihindi vilivyochorwa kwa mkono, hasa vya pwani ya Koromandeli, ambavyo Waholanzi huviita sits. Wanawake wa Hindeloopen walivishona kuwa wentke, joho refu lililo wazi mbele, lenye maua makubwa mekundu kwa siku za furaha, na buluu juu ya nyeupe kwa siku za msiba. Bahari ilipoacha kulipa, mwishoni mwa karne ya 18 na katika miaka ya utawala wa Wafaransa, vazi lilitoweka polepole miilini. Likaibuka tena kwenye maonyesho ya Leeuwarden mwaka 1877 na ya Paris mwaka 1878, mara hii likiwa limevalishwa sanamu.

Ili kutenga sits ya Kihindi na ya Ulaya, fuata mstari mmoja wa shina la ua kwa lenzi. Mkono wa mchoraji hunenepesha na kukondesha mstari, na buluu, iliyopakwa kwa kuziba sehemu nyingine kwa nta na kuchovya kitambaa, huvuja kidogo nje ya mpaka wake. Chapa ya ubao hujirudia: pima umbali kati ya maua mawili yanayofanana, kisha pima tena mbele. Uchapaji wa aina hii ulianza Uholanzi mwaka 1678, mjini Amersfoort. Ni mkondo huu wa viwanda ambao karne mbili baadaye ulichapa kanga kwa soko la Unguja, jambo linalofanya kabati la Hindeloopen lisiwe geni sana kwa macho yetu.

Spakenburg inaonyesha mwisho mwingine wa safari. Kraplap, kitambaa cha mabegani na kifuani kilichokinga nguo, kiliendelea kupanuka na kutiwa wanga hadi katika karne ya 20 kikasimama kama mabawa magumu. Kazi ilikwisha, umbo likabaki, na lugha ya rangi ikabaki pia: maua mekundu ya mwenye furaha, zambarau na nyeusi za mwenye msiba. Kwa hiyo usiseme kraplap nyeusi imefifia au ni ya bei ya chini. Uliza nani alifiwa.

Hatua ya saba: kazi, Jumapili au mtalii

Nguo ya kazi ina viraka vya rangi zisizolingana na uchakavu magotini, viwikoni na begani palipopita kamba. Ya Jumapili imechakaa ukosini na kwenye kingo za mikono tu. Ya studio za picha za Volendam, ambako wageni huvalishwa juu ya nguo zao wenyewe, hufungwa mgongoni kwa kamba au vibanio, ni kubwa kupita kiasi, na mara nyingi ni ya poliesta.

Hatua ya nane: hifadhi

Kabla nguo haijaingia kabatini, ua wadudu. Sufu isiyo na kifungo cha mbao wala mfupa ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, itoe hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache siku nzima ipate joto kabla ya kuufungua mfuko. Vumbi livute kwa mashine yenye nguvu ndogo kupitia wavu laini uliokaza juu ya kitambaa. Nguo yenye vifungo vizito usiitundike, uzito wa fedha utairarua. Ilaze, na kila kunjo lijazwe karatasi laini isiyo na asidi. Kila kifungo kizungushie karatasi hiyo ili fedha isiguse sufu. Katika maonyesho mwanga usizidi luksi 50. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam apime unyevu wa chumba, akilenga asilimia 50 hadi 55, kwani ukungu wa masika hauchagui kati ya kanga na pij.

Mwisho, shona kipande cha utepe mweupe wa pamba kwenye pindo la ndani, kwa hatua mbili tu za sindano nyembamba, na uandike juu yake kwa penseli namba ya nguo. Katika daftari, mbele ya namba hiyo, andika vipimo, viraka, harufu, mihuri na maneno ya aliyekuuzia kama alivyoyasema, hata yale usiyoyasadiki.